Mawe ya Basbasi

Paka alikuwa amechutama juu ya tambara la deki, nyuma ya magunia ya mchele, na Afrah alidhani amefunga choo. Alimwona akikaza mgongo, mkia ukimtetemeka, kisha akiinuka bila kuacha kitu na kusogea kidogo tu, akachutama tena. "Toka huko, we!" alimfokea, kwa kuwa wateja walikuwa wanangoja na mchele ule ulikuwa wa kuuza. Paka akajiondokea. Mchana, Afrah alipotoka uani kuanua nguo, alimkuta amechutama vilevile ndani ya beseni la kufulia, na chini yake, kwenye plastiki ya bluu, palikuwa na tone la damu.

Paka huyo aliitwa Basbasi kwa ajili ya rangi yake, ule wekundu wa basbasi, ganda la kungumanga, iliyokauka juani. Jina alipewa na Mzee Suud, baba yake Afrah, aliyeuza mchele na viungo katika duka hilohilo la Quartier Asiatique, mjini Bujumbura, tangu ndevu zake hazijaota. Mzee Suud alikuwa mtu wa maneno. Alibishana na wapagazi kwa Kirundi, na mawakala wa forodha kwa Kifaransa, na ndugu zake wa Maskati kwa Kiarabu cha simu, na wote hao aliwashinda. Kisha asubuhi moja, akiwa bado juu ya mswala, kiharusi kilimwangusha kifudifudi. Kilichukua mkono wa kuume, mguu wa kuume na ulimi. Sauti iliyombakia ilikuwa moja tu, "kss", ile ya kumwitia paka.

Tangu siku hiyo Mzee alilala katika chumba kinachotazama uani, na Afrah, aliyekuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika, alimwosha, alimlisha na kumgeuza. Anouar, mtaalamu wa kunyoosha viungo kutoka Buyenzi, alikuja kila wiki kuuamsha ule mkono. Alimletea mpira laini, akamletea vibanio vya nguo, hata akamwekea tasbihi kiganjani. Mzee aliviachia vyote vidondoke akageukia ukutani. Afrah alishaanza kukata tamaa siku Basbasi aliporuka kitandani na ndagala mkavu mdomoni, samaki aliyemwiba jikoni, akamwangusha juu ya shuka. Na Mzee, aliyekataa mpira na vibanio na tasbihi, aliupeleka ule mkono mfu taratibu, kama mtu anayetambaa, mpaka vidole viwili vikamkamata yule samaki. Akamwinua. Basbasi akangoja, kichwa upande, kama mteja mwenye adabu.

Kuanzia hapo kopo la ndagala wakavu halikuondoka kando ya kitanda. Kila siku Mzee alimlisha paka wake samaki mmojammoja, kwa mkono wa kuume, akisema "kss" baada ya kila samaki. Vidole vilianza kufunguka. "Dada Afrah," Anouar alimwambia, "mi sina dawa inafika huyu paka."

Ndiyo maana Afrah alipoliona lile tone la damu, aliogopa kwa ajili ya wawili, paka na baba yake.

Mwanvua, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, alisema ni tumbo, apewe papai bivu. Basbasi hakuligusa papai. Kesho yake hakula chochote. Alilala kwenye sakafu ya baridi na alipoguswa tumbo alitoa sauti ambayo Afrah hakuwahi kuisikia kwa paka. Ilikuwa sauti ya mtu. Afrah akampigia simu Mazin, mdogo wake, aliyekuwa akifanya kazi kwenye depo ya saruji huko Zone Industrielle. Mazin akaja na pikapu, akinung'unika njia nzima. Wakapandisha hadi Mutanga Sud, kwa daktari wa mifugo aliyeitwa Benite.

Klinike ya Benite ilikuwa gereji ya zamani nyuma ya nyumba ya wazazi wake, karibu na chuo kikuu. Alikuwa mwanamke kijana, mfupi, mwenye mikono mipana. Kazi yake kubwa ilikuwa ng'ombe na mbuzi wa vilimani, na mara mojamoja mbwa wa wakubwa wa mtaa wa Kigobe. Alimpapasa Basbasi tumbo, uso wake ukabadilika.

"Kibofu kimejaa, kimekuwa kigumu kama chungwa. Tangu lini hakojoi?"

"Tangu jana. Pengine na juzi, dokta. Tulifikiri ni choo."

"Wote wanafikiri ni choo." Benite alimnyoa paka manyoya ya tumbo, akachukua kimashine chake cha ekografi, alichokitumia kupimia mimba za ng'ombe, akakipitisha juu ya ngozi. Kwenye kioo kidogo palitokea weusi wa duara, na chini yake vitu vyeupe vimelala kama mchanga chini ya mtungi. "Ona. Ni mawe. Paka dume njia yake ya mukojo ni nyembamba, jiwe moja likikwama mulangoni, basi. Mukojo unarudi kwenye damu. Anakufa na sumu yake mwenyewe."

"Kuko dawa?"

"Apana. Kuko kisu."

Msaidizi wa Benite hakufika kazini siku hiyo, na umeme ulikuwa umekatika. Kwa hiyo Afrah ndiye aliyeshika tochi. Mazin alitoka nje kuvuta sigara, hakurudi ndani.

Benite alimchoma Basbasi sindano ya usingizi, akamlaza chali na kumfunga miguu kwa vipande vya bendeji. Kwanza alipitisha mrija mwembamba kwenye njia ya mkojo, akasukuma maji ya chumvi polepole, mara ya kwanza yakakataa, mara ya pili yakakataa, kisha kitu kikaachia na jiwe lililoziba likarudishwa kibofuni. Ndipo alipopasua. Afrah alidhani atazimia, lakini alijikuta anatazama. Kibofu kilitolewa nje ya tumbo, kikawekwa juu ya vitambaa vilivyoloweshwa. Kilikuwa kinene, chekundu, kimevimba. Benite alikinyonya kwa bomba la sindano, mkojo ukatoka rangi ya chai iliyochacha. Alichagua mahali ambapo mishipa ya damu haikupita, akakata, akaingiza kijiko kidogo kama cha kuchotea chumvi. Mawe yakaanza kutoka. Yalikuwa kama punje za mtama, ya njano iliyofifia, na kila alipoyamimina kwenye sahani ya chuma yalilia.

"Tochi, dada. Inateremuka."

Afrah aliinua mkono uliokuwa umeanza kufa ganzi. Benite alisafisha kibofu kwa maji mpaka maji yakarudi meupe, akakishona kwa uzi unaoyeyuka wenyewe, tabaka juu ya tabaka, kisha akakijaza maji tena kuona kama kinavuja. Hakikuvuja. Hapo tu ndipo Afrah aliposhusha tochi.

"Anakula nini?" Benite aliuliza huku akinawa.

"Ndagala."

"Mubichi?"

"Mukavu."

"Na maji?"

"Yako kwenye bakuli. Akitaka anakunywa."

Benite akatikisa kichwa. "Kuko paka anakula hao samaki mpaka anazeeka, hapati kitu. Huyu wako si wa hivyo. Samaki mukavu, chumvi, maji kidogo, inatengeneza mawe. Tangu leo ni nyama ya kuchemusha na mchuzi wake, bila chumvi. Ndagala mukavu hata mumoja, apana. Nani anamulisha?"

"Baba."

"Basi umwambie Baba."

"Baba hasemi, dokta. Alipata kiharusi."

"Nimesema umwambie," Benite alijibu, akifuta mikono. "Sikusema akujibu."

Njiani, pikapu ikiteremka kuelekea mjini, Afrah aliyapanga maneno. Baba, samaki unaompa ndio waliomtia mawe. Aliyapanga, akayapangua. Aliuona uso wa baba yake pale atakapoyasikia, naye asiwe na ulimi wa kujitetea wala wa kuuliza wala hata wa kutukana. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu, aambiwe pia kwamba kile kidogo alichobakiza kinaua? Alipofika alimwonyesha paka, shingoni amevikwa koni iliyokatwa kwenye filamu kuukuu ya picha za mifupa ili asilambe mshono. Akasema, "Basbasi mugonjwa, Baba. Amepasuliwa. Samaki apana kwanza." Kisha akalichukua kopo.

Neno lenyewe lilikuwa hilo "kwanza". Mzee alilisikia, akafumba macho kukubali. Wagonjwa hukatazwa vyakula; yeye mwenyewe alikuwa amekatazwa chumvi na nyama ya mafuta. Angengoja.

Alingoja. Mshono ulikauka, koni ikavuliwa, manyoya yakaanza kuota tumboni. Basbasi, aliyekuwa sasa akila nyama na mchuzi jikoni, alihamia jikoni. Kitandani alipita mara mojamoja, akanusa mkono wa Mzee, akaukuta mtupu, akashuka. Mzee aliita "kss". Paka aligeuza sikio moja, akaendelea na safari.

Afrah alijaribu njia nyingine, isisemwe kwamba hakujaribu. Alimpa Mzee vipande vya nyama, vikateleza kati ya vile vidole vizito na kuanguka kifuani pake, mchuzi ukalowesha kanzu. Aliloweka ndagala majini, wakalainika, wakakatika kabla ya kuinuliwa. Mara ya tatu Mzee aliisukuma sahani kwa mkono wake mzima, wa kushoto, ikavunjika sakafuni. Akageukia ukutani kama zamani. Anouar alipokuja, mkono ulikuwa umeanza kujikunja, kidole juu ya kidole, na Mzee alikataa kuguswa. Kisha akaanza kukataa uji.

"Tutampoteza," alisema Anouar uani, kwa sauti ya chini, kana kwamba dirisha halikuwa wazi. "Nimeona wengi. Mutu akiacha kutaka, hamalizi mwaka."

"Murudishie hao samaki," Mazin akasema. "Dada, ni paka! Si mutu. Baba akifa juu ya paka, tutasema nini kwa watu?"

"Na paka akifa?"

"Paka wamejaa Bujumbura nzima."

Afrah alirudi Mutanga Sud peke yake, kuuliza. Benite alikuwa akimtibu beberu mwenye kwato iliyooza, hakuinua kichwa.

"Akirudi kula samaki mukavu, mawe yatarudi. Lini, siwezi kukuambia. Kuko paka wa miezi, kuko wa mwaka."

"Nikimuongezea maji? Bakuli kila mahali, mchuzi kila siku?"

"Itasaidia kidogo. Haitatosha." Sasa alimtazama. "Dada, nakuelewa. Mi pia niko na baba. Lakini huyu mnyama hawezi kukataa samaki, atakula mpaka mwisho. Mzee ndiye anaweza kukataa. Mumemuuliza?"

Afrah alisema ahsante, akaaga, akateremka. Na jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, alilirudisha kopo kando ya kitanda.

"Amepona, Baba," alisema.

Uso wa Mzee Suud ulifunguka. Alitafuta kwa vidole vilivyojikunja, akamkosa samaki, akatafuta tena, akampata. "Kss." Basbasi alitoka jikoni mbio, kama mtoto aliyeitwa na aliyemkosa siku nyingi.

Ilifuata miezi mizuri, na hilo ndilo lililokuja kumtesa Afrah baadaye, kwamba ilikuwa mizuri kweli. Mzee alikula. Mzee alimruhusu Anouar avute na kukunja. Sikukuu ya Idi, mbele ya jamaa wote, alishika kijiko kwa mkono wa kuume akapeleka pilau mdomoni, punje nyingi zikamwagika, zilizobaki zikafika. Mazin alimpiga picha kwa simu akazituma Maskati huku machozi yakimlenga. Afrah alisimama mlangoni, akacheka na wenzake. Kisha akaenda uani kuukagua mchanga aliomwekea paka akojolee, kama alivyoukagua kila asubuhi, akitafuta palipolowa. Mabakuli ya maji yalikuwa kila pembe ya nyumba ile, hata ngazini, na wageni waliyapiga mateke. Kila mchanga ulipolowa alisema alhamdulillahi, na kila aliposema aliona haya, maana alijua anamshukuru Mungu kwa siku ya kukopa.

Kiangazi kilipokolea, Basbasi akatoweka. Afrah alimtafuta dukani, juu ya bati, kwa Mwanvua. Mchanga ulikuwa mkavu, lakini paka asiyeonekana pengine kakojoa kwingine, ndivyo alivyojipa moyo, akapoteza siku. Kumbe alikuwa chini ya kitanda cha Mzee. Mzee ndiye aliyejua. Alikuwa akiita "kss, kss" tangu alfajiri, na Afrah alidhani anamwita tu kama kawaida. Alipoinama hatimaye na kuangaza chini, aliyaona yale macho, makubwa, meusi, yasiyopepesa. Alimvuta nje. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao, na paka hakulia tena.

Mafuta hayakuwepo mjini. Pikapu ya Mazin ilikuwa imekaa kwenye foleni ya kituo, imezimwa, yeye amelala ndani yake. Mabasi yaliyotembea yalijaa watu mpaka mlangoni. Afrah akamweka Basbasi ndani ya kikapu cha sokoni, akamfunika kwa kanga. Mzee alimfuata kwa macho.

"Nampeleka kwa dokta, Baba."

Alipanda kwa miguu kutoka mjini hadi Mutanga Sud, jua la mchana likimpiga utosini, baibui likiburuza vumbi. Alihamisha kikapu kutoka mkono hadi mkono. Mahali fulani penye kilima, mwanamke aliyekuwa akitembea naye sambamba, mzigo wa mkaa kichwani, alimuuliza amebeba nini kinachomfanya alie. Afrah hakuwa anajua kwamba analia. "Mugonjwa," alisema. "Ihangane," mwanamke alimjibu kwa Kirundi, jikaze, wakaendelea kupanda bila neno jingine.

Benite alimtazama paka, akamtazama Afrah. Hakumlaumu. Alisema tu, "Nimebaki na dawa ya usingizi ya kumulaza mara moja. Haiingii tena, hakuna devizi, dola za kuiagiza. Tukianza, ndiyo hii."

"Tuanze."

Safari hii msaidizi alikuwepo, lakini Afrah hakutoka. Mrija haukupita. Benite alisukuma maji, akajaribu pembe nyingine, akatumia mrija mwembamba zaidi, mawe yalikuwa yamepangana njiani kama shanga kwenye uzi. Akaacha, akapasua palepale pa mshono wa zamani. Tumbo lilipofunguka harufu ilijaa gereji nzima, na msaidizi akageuza uso. Kibofu hakikuwa chekundu. Upande mmoja kilikuwa cha zambarau, na upande wa pili cheusi, cheusi kabisa, kama ngozi ya parachichi iliyosahauliwa.

Benite alichoma sindano kwenye ile nyama, akavuta uzi. Uzi ulipita kama kisu. Alijaribu pengine, nyama ikachanika vilevile, kama karatasi iliyolowa. Akaweka vyombo chini.

"Hii imekufa, dada. Haishiki uzi."

"Ukikata ile iliyokufa?"

"Nikikata, hakibaki kibofu." Alimgeukia Afrah. "Ukisema nishone, nitashona. Lakini nitashona kwa ajili yako. Yeye ataamuka, ataumwa, atakufa kesho. Sasa hivi amelala, hajui kitu."

Afrah alimtazama Basbasi, ulimi umetoka kando ya mdomo, tumbo wazi, masharubu yakitikisika kwa pumzi. Alifikiri kwamba hajawahi kuombwa ruhusa ya jambo kama hili. Kisha akakumbuka kwamba alishawahi, hapahapa, na jibu alilitoa kwa kwenda zake kulirudisha kopo.

"Muache alale," alisema.

Aliweka kiganja juu ya kichwa cha paka, kati ya masikio. Benite alichoma sindano ya mwisho. Masharubu yaliendelea kutikisika kwa muda, kisha yakatulia.

Mzee Suud alikuwa ameketishwa kwenye kiti chake dirishani, Mwanvua ndiye aliyemsaidia. Afrah aliingia na kikapu kimefunikwa. Mzee alikuwa ameshika ndagala, tayari, kati ya kidole gumba na cha shahada, mkono umetulia kabisa, hautetemeki.

Njiani alikuwa amepanga maneno tena. Kulikuwa na uongo mwepesi uliokuwa karibu: ajali, ugonjwa mwingine, uzee. Lakini baba yake alikuwa amesimama nyuma ya mizani maisha yake yote, na hajazaliwa mtu aliyempunja. Afrah alipiga magoti mbele ya kiti.

"Basbasi amekufa, Baba. Mawe yamerudi, kibofu kikaoza." Mzee alimkazia macho. Yalikuwa yanauliza, na Afrah aliona kwamba siku zote yalikuwa yanauliza, ila yeye alikuwa akipita tu na sahani zake na mashuka yake. "Ni samaki, Baba. Samaki mukavu ndiye anatengeneza mawe kwake. Dokta alinikataza tangu mwanzo. Nilikuambia amepona. Hakupona. Niliona mkono wako unafunguka, nikasema, acha. We haukujua. Mi nilijua."

Nje mpagazi mmoja alikuwa akimtania mwenziwe. Mzee Suud alimtazama samaki vidoleni mwake kama mtu anayekuta kitu mfukoni kisicho chake. Kisha akaunyosha ule mkono wa kuume, mkono uliofufuliwa, ukaenda mbali kuliko ulivyowahi kwenda, ukalipiga kopo. Ndagala walitawanyika chumba kizima, wepesi, wakilia kama majani makavu. Afrah alidhani mkono utamrudia usoni, na hakukwepa. Ulirudi mapajani. Mdomo wa Mzee ulifunguka, ukajipinda, shingo ikamtoka mishipa, na hakuna kilichotoka, hata ile "kss". Machozi ndiyo yaliyotoka. Yalikuwa ya hasira. Alikuwa amelishwa uongo na mtoto wake, naye akamlisha paka wake kwa mkono huohuo, siku baada ya siku, akidhani anampenda.

Mazin alirudi na harufu ya foleni mwilini, akachimba shimo uani karibu na tangi la maji. Mzee hakutaka kutolewa nje kutazama.

Tangu siku hiyo alimkataa Anouar. Si kwa kugeukia ukuta. Alimtazama usoni na kuuficha mkono wa kuume chini ya shuka kwa mkono wa kushoto, kila mara, mpaka Anouar akaacha kuja. Vidole vilijikunja upya, safari hii vikafunga kabisa, ikawa kila Ijumaa Afrah anavifungua kimojakimoja kwa maji ya uvuguvugu ili amkate kucha zisimchome kiganja. Mzee alivumilia. Hakumtazama.

Benite alipita siku moja kutoa pole, akitokea sokoni. Afrah alimkaribisha dukani, akamtengea kigoda kati ya magunia, akamuuliza alichokuwa hana mwingine wa kumuuliza. "Nilifanya vibaya, dokta?"

Benite aliikoroga chai aliyomiminiwa. Pengine alitafuta neno la kumpoza, asilipate. "Ulikuwa na wawili," alisema mwisho, "ukamuokoa mumoja kwa mgongo wa mwingine. Watu wanafanya hivyo kila siku. Lakini mwenye kuokolewa angeulizwa kwanza." Alikunywa chai yake yote, akaenda.

Mvua za kwanza zilipokaribia, Mazin alikuja na boksi la sabuni lenye matundu. Ndani kulikuwa na paka mchanga, mweusi kwa mweupe, macho ndiyo kwanza yamefunguka vizuri. Alikuwa amezaliwa kwenye depo, kati ya mifuko ya saruji, na manyoya yake yalikuwa bado na vumbi la kijivu.

"Jike," alisema Mazin, akifurahia. "Nimeuliza, majike hawazibiki ovyo. Mupeleke tu kitandani, atamuzoea."

Afrah alimchukua yule paka, akaingia naye chumbani, hakumweka kitandani. Alisimama pale Mzee alipoweza kumwona vizuri.

"Baba, Mazin ameleta huyu. Unamutaka?"

Aliuliza, akangoja. Paka alijinyonganyonga mikononi mwake akilia. Mzee Suud alimtazama kwa muda mrefu, masikio, miguu, lile vumbi. Kisha akauinua mkono wa kushoto, polepole, akausogeza upande na kuurudisha, kukataa. Akayainua macho, akayaweka juu ya uso wa binti yake, mara ya kwanza tangu kiangazi, na hayakuwa na msamaha ndani yake, yalihakikisha tu kwamba amesikiwa.

"Sawa, Baba," Afrah akasema.

Mazin alibishana uani: Mzee angebembelezwa, angebadilika, mtu mgonjwa hajui anachotaka. Afrah alilifunga boksi, akamkabidhi. Mazin akaondoka nalo kwapani, na kile kilio chembamba kilisikika mpaka barabarani, kisha honi na sauti za watu zikakimeza. Wingu lilikuwa limesimama juu ya milima ya Bugarama. Afrah akaenda kuanua mashuka ya baba yake kabla ya mvua.